Kuruhusu utoaji mimba kulipunguza uhalifu Marekani? Tuangalie hesabu yenyewe

Mdadisi_Pwani

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa sheria za utoaji mimba unapoanza, hakosi mtu wa kusema wachumi walishathibitisha kwamba uhalifu Marekani ulishuka miaka ya 1990 kwa sababu ya hukumu ya Roe v. Wade, iliyoruhusu utoaji mimba nchi nzima mwaka 1973. Na hakosi wa kumjibu kwamba utafiti ule ulishabomolewa, waandishi walikosea kwenye kompyuta. Kila mmoja ana uhakika wake, ila hesabu yenyewe haionyeshi mtu.

Naomba wanaoijua kazi hii waeleze walipimaje, kosa lilikuwa wapi hasa na lina uzito gani. Na mtu akitaka kurudia hesabu hiyo leo, aanzie wapi na ajihadhari na nini? Mambo ya dini na haki yana nyuzi zake, humu nataka takwimu tu.

---

Kikokotoo

Karibu mkuu. Tuanze na karatasi yenyewe, maana wengi wanaoibishania hawajaisoma. Ni ya John Donohue na Steven Levitt, ilitoka kwenye jarida la uchumi la Quarterly Journal of Economics mwaka 2001.

Hoja yao inapita njia mbili. Moja ni idadi: wakizaliwa watoto wachache, baada ya miaka 18 vijana ni wachache, na vijana ndio wanaofanya sehemu kubwa ya uhalifu. Nyingine ni uteuzi: mimba zinazotolewa hazitoki kwa wanawake wote sawasawa, zinatoka zaidi kwa walio katika hali ambayo mtoto angelelewa kwa shida. Njia hii ya pili ndiyo inayobeba mzigo, kwa sababu uzazi wenyewe haukushuka sana. Majimbo yaliyotangulia kuruhusu yalipata upungufu wa uzazi wa asilimia 4 hivi yakilinganishwa na mengine, ingawa kufikia 1980 nchi nzima ilikuwa na mimba zaidi ya milioni 1.5 zinazotolewa kwa mwaka, karibu moja kwa kila watoto wawili waliozaliwa hai. Nyingi zilichukua nafasi ya zile za kificho, nyingine ziliahirisha uzazi tu, mwanamke akazaa baadaye.

Kuhusu uteuzi, msingi wake uliwekwa na utafiti mwingine wa mwaka 1999 wa Gruber, Levine na Staiger. Walikadiria kwamba mtoto ambaye hakuzaliwa kwa sababu ya sheria mpya angekuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 60 wa kulelewa na mzazi mmoja kuliko mtoto wa wastani, asilimia 50 zaidi wa kuishi katika umaskini, na asilimia 40 zaidi wa kufa kabla ya kutimiza mwaka. Sehemu hii ya hoja haijapata upinzani mkubwa. Ugomvi unaanza unapotoka kwenye hali ya mtoto kwenda kwenye jela.

Sasa kipimo. Huwezi kuchukua mimba zilizotolewa mwaka 1991 ukazilinganisha na mauaji ya mwaka 1991, kwa kuwa waliohusika bado hawajazaliwa. Kwa hiyo walitengeneza kipimo wanachokiita kiwango tendaji cha utoaji mimba. Unachukua kila umri, unatafuta kiwango cha utoaji mimba cha jimbo lile wakati rika hilo lilipokuwa tumboni (kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai), unakizidisha kwa sehemu ya umri huo katika jumla ya waliokamatwa, kisha unajumlisha.

Mfano, namba ni za kufundishia tu. Tuseme mwaka 1991 katika jimbo fulani waliokamatwa kwa kosa fulani, asilimia 10 wana miaka 16, asilimia 15 wana miaka 17, waliobaki ni wakubwa zaidi. Rika la miaka 16 lilizaliwa wakati kiwango ni 300, la miaka 17 wakati kiwango ni 250, wakubwa wote walizaliwa kabla ya sheria kwa hiyo wanapewa sifuri. Kiwango tendaji ni 0.10 × 300 + 0.15 × 250 = 67.5. Miaka sita mbele, 1997, karibu kila aliye chini ya miaka 23 amezaliwa baada ya hukumu ya Januari 1973, na kipimo kinapanda chenyewe hata kama utoaji mimba wa sasa haujabadilika.

Kisha wakaendesha regresheni (hesabu ya kupima jambo moja linavyobadilika pamoja na jingine) ya majimbo 50 pamoja na Washington D.C., 1985 hadi 1997, wakidhibiti wafungwa, polisi, ajira, kipato na kadhalika. Matokeo: kiwango tendaji kikipanda kwa 100, mauaji yanapungua kwa asilimia 12 hivi, uhalifu wa kutumia nguvu 13, uhalifu wa mali 9. Kutoka hapo ndipo likatoka lile dai lao kwamba sheria ilileta "hadi nusu ya upungufu wote".

Angalia hilo neno "hadi". Regresheni yao ina kidhibiti cha kila mwaka, maana yake mabadiliko yaliyoigusa nchi nzima kwa pamoja yameshafutwa. Namba ya athari imetokana na tofauti kati ya jimbo na jimbo. Kuichukua na kuizidisha kwa ongezeko la nchi nzima ni kukadiria kwa kudhani kwamba kilichotokea kati ya New York na Mississippi ndicho kilichotokea kati ya 1991 na 1997. Inaweza kuwa sawa, lakini regresheni haisemi hivyo.

---

Binti_Takwimu

Kikokotoo ameeleza vizuri. Mimi nichukue swali la kosa.

Karatasi ile ilikuwa na ushahidi wa aina tatu. Kwanza, majimbo matano yaliyoruhusu mapema, karibu mwaka 1970: New York, California, Washington, Alaska na Hawaii. Uhalifu wao ulianza kushuka mapema zaidi. Pili, ile regresheni ya majimbo yote. Tatu, jedwali la mwisho linalotumia waliokamatwa kwa umri mmojammoja, miaka 15 hadi 24. Kosa lilikuwa kwenye hili la tatu tu, na hili la tatu ndilo lilikuwa na nguvu zaidi. Kwa nini?

Kwa sababu ukiwa na umri, jimbo na mwaka kwa pamoja, unaweza kuweka kidhibiti cha kila jimbo katika kila mwaka. Kidhibiti hicho kinafuta kila kitu kilichoigusa Illinois mwaka 1992 na kugusa umri wote: kokeini ya kreki, polisi wapya, viwanda kufungwa. Kinachobaki ni kulinganisha mwenye miaka 17 na mwenye miaka 22 ndani ya jimbo lilelile, mwaka uleule. Mmoja alizaliwa baada ya sheria, mwingine kabla. Hapo huwezi kusingizia kreki kirahisi.

Karatasi ilisema kidhibiti hicho kimo. Mwaka 2005 Christopher Foote na Christopher Goetz wa tawi la Boston la Benki Kuu ya Marekani walipoipitia programu ya kompyuta wakakuta hakimo. Walipokiweka, athari ikashuka kwa kiasi kikubwa. Hilo ni kosa la uandishi wa programu, na waandishi walilikubali.

Ila walikuta jambo la pili ambalo si kosa la kompyuta, na kwangu ndilo zito zaidi. Jedwali lilitumia idadi ya waliokamatwa, si waliokamatwa kwa kila watu 1,000 wa umri huo. Ukitumia idadi tupu, rika dogo lazima litoe wahalifu wachache, hata kama kila kijana ana tabia ileile kama kaka yake. Unakuwa umepima njia ya idadi na njia ya uteuzi zikiwa zimechanganywa. Foote na Goetz walipogawanya kwa idadi ya watu, pamoja na kile kidhibiti kilichosahaulika, kilichobaki hakikuweza kutofautishwa na sifuri.

Donohue na Levitt wakajibu (majibizano yote mawili yalichapishwa 2008). Jibu lao linahitaji kueleweka, si la ujanja. Ukiweka vidhibiti vingi unafuta tofauti nyingi za kweli, na makosa ya kipimo yanabaki palepale. Kwa hiyo sehemu ya kelele (yaani hayo makosa ya kipimo) katika kilichobaki inakuwa kubwa, na namba ya athari inavutwa kuelekea sifuri. Na kipimo chao cha awali kilikuwa na kelele nyingi kweli. Kilihesabu mimba mahali zilipotolewa, si mahali mwanamke anapoishi, wakati mwaka 1971 na 1972 wanawake wengi walisafiri kwenda New York kutoka majimbo mengine. Kilichukulia kwamba kila aliyekamatwa akiwa na miaka 20 alizaliwa jimbo lilelile. Na kililinganisha mwaka wa kalenda na umri bila kujali mwezi wa kuzaliwa.

Wakasahihisha hayo yote matatu, wakatumia pia chanzo cha pili cha takwimu ili kupunguza kelele, na athari ikarudi. Imara zaidi kwa idadi, dhaifu zaidi kwa kila mtu, lakini ipo.

---

Mdadisi_Pwani

Asante sana Binti. Kwa hiyo anayesema "walikosea kwenye kompyuta, habari imekwisha" naye amekosea?

---

Binti_Takwimu

Amesema nusu. Kosa lilikuwepo, lilikuwa kubwa, na halikugusa regresheni ya majimbo ambayo ndiyo inayonukuliwa zaidi. Lakini anayesema "walijibu wakashinda" naye asikimbie. Matokeo yanayohitaji usahihishaji wa vipimo vitatu ili yaonekane ni matokeo ya kushikwa kwa vidole viwili.

---

Rika_la_74

Naona uzi unaelekea kuwapa hawa jamaa heshima kuliko wanavyostahili, niseme upande wa pili.

Mpingaji mkuu ni mchumi Ted Joyce, si Foote na Goetz. Hoja yake ni rahisi kuikagua bila kompyuta. Kama nadharia ni sahihi, wa kwanza kufaidi ni rika la kwanza lililozaliwa baada ya sheria, yaani watoto wa 1974 na 1975. Hawa walikuwa na miaka 14 hadi 19 mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Sasa fungua takwimu za mauaji kwa umri. Kati ya 1985 na 1993 mauaji yaliyofanywa na wenye miaka 14 hadi 17 yalipanda zaidi ya mara mbili, wakati ya wenye miaka 25 na zaidi yalikuwa yanashuka. Rika "lililochujwa" ndilo lililoua zaidi, na wakubwa wao waliozaliwa bila sheria walikuwa wanatulia.

Jibu la Donohue na Levitt ni kreki: biashara ile iliajiri vijana wadogo na kuwapa bunduki, bila sheria hali ingekuwa mbaya zaidi. Sawa, lakini ukikubali kwamba kreki ilikuwa na nguvu ya kubadilisha mwelekeo kiasi hicho, unakubali pia kwamba kuisha kwake kungeshusha uhalifu bila msaada wa sheria yoyote. Na kreki iliingia mapema na kuisha mapema New York na Los Angeles, yaani katika majimbo yaleyale yaliyotangulia kuruhusu utoaji mimba. Mambo mawili yanakwenda pamoja, moja linapewa sifa ya lingine.

Hesabu pia hayo majimbo matano. Alaska na Hawaii ni madogo, uzito wa kweli uko kwa mawili. Ushahidi unaotegemea New York na California una mashahidi wawili, hata ukiweka nyota (alama za uhakika wa kitakwimu) ngapi kwenye jedwali.

Halafu toka nje ya Marekani. Uingereza sheria ilianza kufanya kazi Aprili 1968. Rika la kwanza lilitimiza miaka 18 mwaka 1987, lakini uhalifu Uingereza na Wales uliendelea kupanda, kilele kikafika 1995 kwa vipimo vya utafiti wa kaya. Kahane, Paton na Simmons walirudia mbinu ya Marekani kwa takwimu za huko, wakachapisha 2008, hawakupata uhusiano wa kueleweka. Muungano wa Kisovieti uliruhusu tena utoaji mimba mwaka 1955 na ulikuwa miongoni mwa nchi zenye viwango vya juu kabisa duniani. Mwaka 1994 mauaji Urusi yalizidi 30 kwa kila watu 100,000, zaidi ya mara tatu ya Marekani. Najua, dola lilianguka. Ndiyo maana yangu hasa: mambo makubwa yakitokea, hili halionekani.

Na risasi ya kwenye petroli (ile metali yenye sumu, lead, inayodhuru ubongo wa mtoto) hatujaigusa. Marekani ilianza kuiondoa katikati ya miaka ya 1970 na sehemu kubwa ikawa imetoka kufikia 1986. Watoto wale wale, miaka ile ile, vijana wale wale wa 1991 hadi 1997. Uchambuzi wa 2022 uliokusanya tafiti nyingi za risasi, baada ya kusahihisha tabia ya majarida kuchapisha matokeo makubwa tu, uliipa kati ya asilimia 7 na 28 ya upungufu wa mauaji. Ukijumlisha "nusu" ya utoaji mimba, sehemu ya risasi, ya magereza, ya polisi na ya kreki, unapita asilimia mia. Mtu lazima apunguziwe.

---

Kikokotoo

Rika, kwa Uingereza na kreki nakubali. Kwa Urusi sikubali, maana kulinganisha nchi na nchi bila vidhibiti ni kosa lilelile unalowalaumu wenzako.

Ila umesahau jaribio zuri kuliko yote, na limetoka upande wa marufuku. Oktoba 1966 Ceaușescu, mtawala wa Rumania, alipiga marufuku utoaji mimba Rumania kwa Amri 770, katika nchi ambayo hiyo ndiyo ilikuwa njia kuu ya uzazi wa mpango. Waliozaliwa walikuwa kama 273,000 mwaka 1966, wakafika kama 528,000 mwaka 1967. Hakuna jimbo la Marekani lililowahi kupata mshtuko wa namna hiyo.

Cristian Pop-Eleches aliwafuatilia watoto wale katika utafiti wa 2006. Ukiwaangalia juujuu, waliozaliwa baada ya marufuku walisoma zaidi na kupata kazi nzuri zaidi kuliko waliotangulia. Kinyume kabisa na nadharia! Sababu ni kwamba kabla ya marufuku waliotoa mimba zaidi walikuwa wanawake wa mjini wenye elimu. Walipozuiwa, watoto walioongezeka walikuwa zaidi wa familia hizo. Alipodhibiti elimu na hali ya wazazi, picha ikageuka: watoto wenye wazazi wa aina moja walifanya vibaya zaidi kama walizaliwa baada ya marufuku. Na sehemu ya hilo ni msongamano tu, darasa lililojengwa kwa rika la kawaida likapokea rika maradufu.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kuhamisha namba ya Marekani kwenda popote ni nani hasa anayeifikia huduma. Kama ni wenye uwezo, uteuzi unakwenda upande mwingine kabisa.

Mtoa mada aliuliza kuhusu kurudia hesabu. Unahitaji faili nne. Uhalifu ulioripotiwa na waliokamatwa kwa umri kutoka FBI. Idadi ya watu kwa umri na jimbo kutoka ofisi ya sensa. Mimba zilizotolewa kwa jimbo analoishi mwanamke, kutoka Taasisi ya Guttmacher, ambayo huwauliza watoa huduma moja kwa moja. Na vidhibiti vya kawaida. Takwimu za CDC (kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa) usizifanye chanzo kikuu, kwa sababu majimbo hupeleka kwa hiari yao na California haijapeleka kwa zaidi ya miaka 20. Zifae kama chanzo cha pili cha kupunguza kelele.

Kwa R (programu ya takwimu), kifurushi cha fixest kinatosha. Regresheni ya majimbo:

`feols(log(uhalifu) ~ mimba_tendaji + wafungwa + polisi + ajira | jimbo + mwaka, weights = ~watu, cluster = ~jimbo)`

Ile ya umri, ikiwa na kile kidhibiti kilichosahaulika:

`feols(log(waliokamatwa / watu_umri) ~ mimba_rika | jimbo^umri + umri^mwaka + jimbo^mwaka, weights = ~watu_umri, cluster = ~jimbo)`

Ondoa `jimbo^mwaka` uone namba inavyopanda, kisha irudishe. Ondoa mgawanyo wa `watu_umri` ndani ya log uone tena. Dakika kumi, na utakuwa umeuona ubishi wote kwa macho yako.

Panapoharibika: majimbo madogo yana miaka yenye mauaji sifuri kwa umri fulani, na log ya sifuri haipo. Usiongeze 1 kiholela, tumia `fepois` badala ya `feols`, nayo inataka idadi ya waliokamatwa upande wa kushoto huku log ya watu ikiingia kama `offset`. Waliokamatwa wana mapengo: Florida na Illinois zina miaka mizima haipo, na programu haitakulalamikia, itakupa jumla ndogo kana kwamba uhalifu umeshuka. Chora grafu ya kila jimbo kabla ya kukimbiza chochote. Mwaka 2021 nao ni mtego, maana FBI ilihamia mfumo mpya wa kuripoti na idara kubwa, zikiwemo za jiji la New York na Los Angeles, hazikuingia. Ukiunganisha 2020 na 2021 bila kuangalia utagundua "miujiza".

Na jambo la `cluster`: ukiliacha, makosa sanifu (kipimo cha shaka iliyopo kwenye namba) yatakuwa madogo mno kwa sababu mwaka huu wa jimbo unafanana na uliopita, na kila kitu kitaonekana na nyota tatu. Ukiliweka bado una makundi 51 tu.

---

Rika_la_74

Ongeza jaribio moja. Badala ya kiwango tendaji halisi, kisogeze miaka mitano mbele au nyuma kwa makusudi, uendeshe upya. Kama kipimo kilichosogezwa kinatoa athari karibu ileile, basi unachokipima ni tofauti ya jumla kati ya majimbo yanayofanana na New York na yasiyofanana nayo.

Hilo ndilo tatizo langu na karatasi yao mpya pia. Mwaka 2001 walitabiri uhalifu utaendelea kushuka kwa asilimia 1 hivi kila mwaka kwa miaka ishirini. Wakarudi 2019 wakatumia fomula ileile kwa 1997 hadi 2014, wakasema utabiri umetimia na sheria ilishusha uhalifu kwa asilimia 20 hivi katika kipindi hicho. Kutabiri kabla ni jambo la kiungwana, wachache wanathubutu. Lakini kufikia miaka hiyo tofauti za majimbo katika utoaji mimba zilikuwa zimeshaganda, na majimbo yenye viwango vya juu yalitofautiana na mengine kwa sheria za bunduki, bima ya afya, matumizi ya shule, kila kitu.

---

Mdadisi_Pwani

Nimepata zaidi ya nilichoomba. La mwisho: huku kwetu kuna mtu anaweza kufanya hesabu ya namna hii? Na huko kwao, baada ya hukumu ya Dobbs iliyoifuta Roe, matokeo yatajulikana lini?

---

Binti_Takwimu

Huku haiwezekani kwa sasa. Mbinu inataka mfululizo wa kila mwaka kwa kila mkoa au kaunti. Kenya, Katiba ya 2010 ibara ya 26(4) inaruhusu kwa masharti tu, kama maisha au afya ya mama iko hatarini, panahitajika matibabu ya dharura, au sheria nyingine inaruhusu, na sehemu kubwa hufanyika bila kuandikwa popote. Makadirio ya mwaka 2012 yalikuwa kama 465,000 kwa nchi nzima. Tanzania, makadirio ya 2013 yalikuwa kama 405,000. Namba hizo hupatikana kwa kuhesabu wanawake waliofika hospitali na madhara, kisha kuzidisha kwa kadirio la wangapi hawakufika. Zinafaa kupanga huduma za afya. Ukizigawa kwa kaunti na kuzisukuma nyuma miaka ishirini utakuwa unaendesha regresheni ya makadirio juu ya makadirio. Na mtu akikuletea grafu ya namna hiyo ya Nairobi au Dar, muulize safu ya mwaka 1998 aliipata wapi.

Kwa Marekani, Dobbs ni ya Juni 2022. Watoto wa kwanza walioathirika walizaliwa mwanzoni mwa 2023, watatimiza miaka 18 mwaka 2041. Kwa hiyo yeyote anayehusisha kupanda kwa mauaji mwaka 2020, au kushuka kwake 2023 na 2024, na sheria ya utoaji mimba hajui kalenda.

Usitarajie pia kwamba itakuwa Roe iliyogeuzwa. Baada ya marufuku jumla ya mimba zilizotolewa nchini haikushuka, mwaka 2023 ilizidi milioni moja, kwa sababu wanawake wanasafiri na vidonge vinatumwa kwa posta. Uzazi katika majimbo yenye marufuku uliongezeka kwa asilimia 2.3 hivi katika nusu ya kwanza ya 2023 ukilinganishwa na majimbo yasiyo na marufuku. Ongezeko hilo limekaa zaidi kwa wasioweza kusafiri, yaani uteuzi ni mkali ingawa idadi ni ndogo.

Cha kuangalia sasa ni vifo vya watoto wachanga, maana havihitaji kusubiri miaka 18. Texas ilianza marufuku yake Septemba 2021, na vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja vilipanda kutoka 1,985 mwaka 2021 hadi 2,240 mwaka 2022, asilimia 12.9. Baada ya hapo angalia mahudhurio ya shule ya awali kwa rika la 2023, kisha alama za mitihani ya darasa la nne kuanzia 2033. Anayetaka kuandaa faili aanze sasa na vyeti vya kuzaliwa kwa mwezi na kaunti pamoja na umbali wa kwenda kliniki iliyo wazi, kwa sababu kliniki zinafungwa na kuhamia jimbo jingine, na orodha ya ipi ilikuwa wazi mwezi gani ni ngumu kuipata miaka kumi baadaye.